Maji Yanaishia Wapi

Mkoani Mara habari ya maji huwa ni habari ya maji kuja. Bomba likifika kijijini ngoma zinapigwa, mkuu wa wilaya anafungua koki mbele ya kamera, akina mama wanajipanga na ndoo. Wana haki ya kushangilia, maana wamebeba maji vichwani tangu utotoni. Lakini maji yale yale yanayopokewa kwa vigelegele, muda mfupi baadaye yameshakuwa maji machafu, na hapo hakuna tena anayeyataka. Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, nimejenga, nimesaidia ndugu kujenga. Kilichonifunza zaidi juu ya maji ni sinki la gereji ya nyumbani kwangu Mwisenge, Musoma, pamoja na uwanja wa mama yangu Butiama na shimo la kaka yangu Bunda.

Nianze Butiama, kwa sababu ndiko nilikoyajua maji yakiwa na uzito. Tuliyateka mbali, na maji yaliyotembea na mtu kichwani hayamwagwi ovyo. Mama aliosha vyombo kwenye karai moja, akasuuzia kwenye jingine, maji ya kusuuzia yakaosha miguu yetu jioni, kisha yakaenda kwenye shina la mgomba. Majitaka hayakuwepo nyumbani kwetu. Hatukuwa na mfumo wowote wa kuyaondoa, ila uhaba wenyewe ulituzuia kuyazalisha. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji umbali usiozidi mita 400, na hesabu zote zilikuwa za pampu, matangi na mabomba ya kuleta. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili nchi nzima waliisikiliza wakiwa kwenye vikundi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mama alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Hadi leo akiona maji yametuama hawezi kupita bila kuyatafutia njia.

Kwa hiyo bomba lilipofika uwanjani kwake, yeye ndiye aliyeona kwanza kilichokuwa kinatokea. Majirani walikuja kuchota, ndoo zikajaa na kumwagika, watoto wakaoga pale pale, na baada ya majuma machache pembeni mwa koki kulikuwa na tope jeusi lenye viluwiluwi. Mgomba uliokuwa ukinywa karai moja la jioni sasa ulipelekewa maji ya kutwa nzima, na shina lake likaanza kuoza. Mama alichukua jembe akachimba mfereji mdogo, wa kina cha kiganja tu, akaupitisha kwa kuzunguka mteremko badala ya kushuka nao, na kila hatua chache akauachia tundu la kutolea maji: hili kwa mgomba, hili kwa mchicha, hili kwa magimbi. Pale chini ya koki akapanga mawe bapa ili anayechota asisimame kwenye tope. Alikuwa akitenda jambo ambalo mimi nilikuwa nalifundisha ubaoni kwa maneno mengi: udongo una kiasi chake cha kunywa kwa siku, na ukitaka unywe zaidi huna budi kuyatandaza maji mahali papana.

Bunda si mbali sana na huko, lakini udongo ni mwingine kabisa. Kaka yangu alijenga upande wa chini, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga ambao kila aliyelima pamba anaujua. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika unavimba, unateleza, unang'ang'ania kiatu mpaka kinabaki nyuma. Nyumba yake ilikuwa na gereji ya pikapu, akataka sinki humo la kunawia na kuoshea zana. Fundi aliyempata alichimba shimo refu nyuma ya gereji, akalijaza mawe, akalifunika kwa zege. Ilikuwa mwezi wa nane. Walimwaga ndoo kadhaa kujaribu, maji yakazama kama yaliyomezwa, na kila mtu akaridhika.

Mwezi wa nne sinki lilianza kutoa sauti, kisha likaanza kutapika. Maji meusi yalipanda kupitia tundu lake na kutandaa sakafuni chini ya pikapu. Tulipofungua mfuniko tulikuta shimo limejaa hadi juu, na si kwa maji ya sinki, bali kwa maji ya mvua yaliyoingia kwa ubavuni na kukosa pa kutokea. Bomba nalo lilikuwa limekatika pale linapotoka ukutani, kwa sababu udongo ulipovimba uliliinua huku ukuta ukilishikilia. Watu walimlaumu sana fundi. Mimi niliuangalia udongo. Chembe za mfinyanzi ule ni ndogo mno, na zikilowa zinavimba na kuziba hata vile vinjia vidogo vilivyokuwepo. Yale maji ya mwezi wa nane hayakunywewa na udongo, yalipita kwenye nyufa tu, na nyufa zinajifunga mvua ikinyesha.

Hatukuchimba shimo jingine. Tuliacha kushuka chini, tukaenda kwa upana: tuta refu lililoinuliwa juu ya usawa wa uwanja, ndani kokoto, juu yake mchanga, na juu kabisa udongo mwekundu tulioununua, tukapanda magimbi na matete, mimea ambayo kiu yake haiishi. Maji ya sinki yanaingia kwenye zile kokoto, mizizi inayavuta, jua linamalizia. Bomba tulilizungushia mchanga pande zote, na ukutani tukaliacha lipite ndani ya bomba kubwa zaidi ili udongo ukiinuka, nalo liinuke bila kukatika. Tuta hilo linafanya kazi mpaka leo, ingawa kwenye masika makubwa kaka anapunguza matumizi. Kwenye udongo wa mbuga sijaona suluhisho lisilo na sharti.

Sasa Musoma. Mwisenge ndio mtaa wenye shule ya msingi ambayo Mwalimu Nyerere aliingia darasa la kwanza mwaka 1934, na ni mtaa wenye mawe. Yapo makubwa ya kukaliwa na watoto jioni, na yapo yaliyojificha chini ya udongo kidogo, ambayo unayakuta sururu inaporuka na kukutikisa mabega. Gereji yangu imekaa juu ya mwamba wa namna hiyo. Gari langu halikulala humo kwa muda mrefu, kwa sababu mdogo wangu alileta benchi lake la kazi. Anatengeneza mashine za mitumbwi za wavuvi wa dagaa na sangara, na jioni nilikuwa namsaidia.

Asiyezijua mashine hizi hawezi kuelewa kwa nini tulihitaji mfereji. Mashine ya mtumbwi hupoozwa na maji inayoyavuta yenyewe kutoka ziwani. Ukiiwasha ikiwa kavu, ule mpira wenye mapezi ulio ndani ya pampu unaungua mara moja. Kwa hiyo kila mashine inayotengenezwa hujaribiwa ndani ya pipa la maji, na moshi wake unatokea humo humo. Zile za petroli iliyochanganywa na oili zinaacha juu ya maji utando unaong'aa rangi nyingi, mzuri kwa macho. Ongeza na mikono ya mafundi, visu, plagi, kabureta zilizosuguliwa kwa petroli. Jioni pipa lilitakiwa kumwagwa, na lilimwagwa nje ya mlango. Ziwa liko chini yetu. Ulichomwaga leo hakina haraka, kinasubiri mvua ikishushe.

Tulipoamua kuweka sinki na mfereji wa kudumu, mdogo wangu alienda kununua sinki la stenlesi lenye vyumba viwili, akalileta likiwa ndani ya boksi, na akachora ukutani kwa chaki mahali alipolitaka, kando ya benchi, katikati ya gereji. Kisha tukamwita mzee mmoja fundi bomba ambaye amefanya kazi hiyo Musoma tangu enzi za mabomba ya chuma. Alifika asubuhi, akasalimia, akanywa chai. Hakuliangalia sinki. Hakuingia hata gerejini.

"Mura," alimwambia mdogo wangu, "nionyeshe kwanza maji yatakapolala."

Akachukua mtaimbo akazunguka nyuma ya nyumba, akiudunda chini kila hatua mbili tatu. Penye mwamba mtaimbo ulilia, penye udongo ulinyamaza na kuzama. Nilimfuata nikimtazama jinsi alivyokuwa akisikiliza. Kati ya majabali mawili, upande wa chini wa uwanja, alipata mfuko wa udongo wa kichanga, akachimba shimo la kufika gotini na kulijaza maji. Yalipozama akalijaza tena, na safari hii ndipo alipochomeka kijiti chenye alama na kukaa kivulini kusubiri. Mdogo wangu alitaka kujua kwa nini hakupima mara ya kwanza. Mzee akasema udongo mkavu unakunywa kwa kiu, haukuambii kitu. Uulize ukiwa umeshiba. Ni kipimo kile kile wanachofundishwa wahandisi, na ndicho kingemwokoa kaka yangu kule Bunda.

Kuanzia pale alirudi nyuma, kutoka shimoni kuja gerejini. Alitandaza mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, mimi nikashika ncha moja shimoni na mdogo wangu nyingine ukutani. Maji ndani ya mpira yanasimama usawa mmoja hata kama kati yenu pana jabali, na kwa hiyo unajua kwa uhakika upande upi uko juu na kwa kiasi gani. Kwa bomba la inchi mbili alitaka mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ukipunguza sana, mchanga na mafuta vinatuama njiani. Ukizidisha sana, maji yanakimbia na kuacha takataka nyuma, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wafungue bomba lililoziba wakati lina mteremko mkali. Mahesabu yalipokamilika, ndipo akaingia gerejini na kufuta ile alama ya chaki. Sinki likae ukuta wa nje, akasema, bomba litoke hapo hapo. Kulipeleka kando ya benchi kungetulazimu kukata sakafu ya zege na kuchonga mwamba ulio chini yake, na bado mteremko usingetosha. Benchi ndilo lililohama. Benchi lina miguu.

Napenda kueleza kidogo kuhusu ule mkunjo wa bomba ulio chini ya sinki, ambao mafundi wanauita trapu. Mwaka 1775 mtengeneza saa mmoja wa Scotland aliyeishi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililokunjwa namna hiyo. Wazo lenyewe ni rahisi: maji kidogo yanabaki kwenye mkunjo, kina cha sentimita tano hadi saba na nusu hivi, na maji hayo ndiyo mlango. Harufu ya shimoni, mende na gesi vinakuta maji na kurudi. Lakini mlango huu una mambo mawili. Sinki lisipotumika muda mrefu wakati wa joto, maji yale yanakauka na harufu inaingia ndani. Ndoo moja ya maji inatosha kuufunga tena. Na kama bomba ni refu na halina pa kupumulia, maji mengi yakishuka kwa pamoja yanavuta yale ya kwenye mkunjo na kuondoka nayo, na ndiyo maana utasikia sinki likikoroma. Mzee aliweka bomba la hewa lililopanda ukutani hadi juu ya paa, akalifunika kwa wavu. Alikataa pia ile trapu ya kikombe inayouzwa sana madukani. Kwa jikoni inafaa, akasema, lakini gerejini kuna mchanga na vipande vya chuma, na kikombe kitajaa. Tukaweka mkunjo wa kawaida wenye mfuniko wa kufungua kwa mkono.

Kazi kubwa ilikuwa chemba ya kunasa mafuta, nje, kati ya sinki na shimo. Ni kisanduku cha tofali kilichopigwa plasta laini, chenye ukuta mfupi katikati. Maji yanaingia upande mmoja na kutulia, mafuta yanapanda juu, mchanga unazama chini. Bomba la kutokea halichoti juu wala chini. Limefungwa tii inayoelekea chini, mdomo wake ukiwa katikati ya kina, kwa hiyo yanayotoka ni yale maji ya kati. Chumba cha pili kinarudia kazi hiyo hiyo. Pipa la kujaribia mashine nalo lina koki yake inayomwaga humo polepole, kwa sababu ukilimwaga lote kwa pupa linakoroga kila kitu na mafuta yanapita. Ukiinua mfuniko jioni unaona utando wa oili umesimama umenaswa, unauchota kwa kopo na kuutia kwenye dumu, na dumu likijaa wapo wanaopita kwenye magereji kununua oili chafu.

Hapo ndipo fizikia yangu ilipopata kazi, maana mzee hakulizungumzia jambo la sabuni. Sabuni ya unga huvunja mafuta kuwa matone madogo sana yanayochanganyika na maji, na matone hayo hayaelei tena, yanapita kwenye chemba kana kwamba haipo. Petroli inayoyeyusha grisi ni mbaya zaidi. Kwa hiyo tuliweka sharti gerejini: kabla ya maji, maranda. Pembeni ya sinki kuna ndoo ya maranda ya mbao kutoka kwa seremala. Unasugua mikono kwa hayo kwanza, yanakunywa grisi, unafuta kwa kitambaa, ndipo unanawa kwa sabuni ya mche. Vijana walilalamika mwanzoni. Sasa wanakuja na maranda wenyewe.

Kuna wanaoniuliza kwa nini taabu yote hiyo kwa maji ya kunawa. Jibu langu ni ramani. Maji ya bomba la Musoma yanavutwa Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Bukanga. Maji ya Butiama yanatoka ziwa hilo hilo pale Mugango, kupitia mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama. Maji ya mji wa Bunda yanatoka ziwa hilo hilo, Nyabehu. Mama yangu, kaka yangu na mimi tunaishi wilaya tofauti, kwenye udongo tofauti, na tunakunywa kwenye chungu kimoja. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini midomo ya mabomba yetu iko karibu na fukwe, na fukwe ndiko mifereji yetu inakoelekea.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa, huku serikali ikiwaambia wananchi wasiyatumie. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kuwa chanzo ni mrundikano wa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni majini. Taarifa hiyo ilibishaniwa sana vijiweni, na sina nia ya kuufufua ubishi huo. Kilichonikaa rohoni ni kwamba mkoa mzima ulitaka kujua nani amemwaga nini, kwa hamu ambayo sikuwahi kuiona tunapomwaga wenyewe nyuma ya nyumba.

Miaka miwili kabla ya hapo, Mei 2020, ziwa lilikuwa limepanda hadi kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Waliojenga karibu na maji waliona mashimo yao yakijaa kutoka chini, bila tone kumwagwa ndani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wapo waliokuwa wakiiona sheria hiyo kama uonevu. Gereji yetu iko mbali na mita hizo, lakini mzee alipochimba shimo letu aliacha kushuka mara alipoona mchanga umeanza kulowa, akarudishia udongo mkavu kina cha hatua moja, akasema kati ya majitaka na maji ya chini lazima pawe na udongo wa kuyachuja. Nyumba nyingi za Musoma zinategemea mashimo kama letu, na ile hatua moja ya udongo ndiyo inayosimama kati ya mashimo hayo na ziwa.

Ninalo ombi kwa halmashauri zetu tatu. Mnapopitisha michoro ya nyumba, ulizeni mchoro wa maji yanapoishia kwa ukali ule ule mnaoulizia vyumba na paa, na mtu wenu aende akaone shimo kabla halijafunikwa. Vyuo vinavyofundisha ufundi bomba mkoani navyo vina wazee kama yule jirani kabisa, na wengi wao hawajaalikwa hata siku moja kusimama mbele ya wanafunzi na mtaimbo mkononi.

Nawe unayejenga mwaka huu, iwe Mwisenge, Bunda mjini au kijijini Butiama, usinunue sinki kwanza. Chimba shimo la jaribio mwezi wa nne, ardhi ikiwa imeshiba mvua, lijaze mara mbili, pima mara ya pili. Fundi akikuambia hakuna haja ya kusubiri masika, tafuta fundi mwingine.